Mtoto Aulize Kwanza: Mfano wa Meza ya Pasaka ya Wayahudi

Sisi tunaokagua mazoezi ya kufundisha tumelizoea mno swali moja. Mwanachuo amekwisha kueleza somo lake, anageuka kutoka ubaoni na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Hapo kipindi huhesabiwa kuwa kimefaulu, hali hakuna mtoto hata mmoja aliyeuliza jambo. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi Wayahudi walivyolikabili tatizo hilo, si shuleni bali nyumbani, katika usiku wa Pasaka yao.

Pasaka hiyo ni ukumbusho wa kutolewa kwa Waisraeli utumwani Misri. Habari yenyewe si ngeni kwetu: Mkristo huisoma katika Kitabu cha Kutoka, na Mwislamu huijua katika kisa cha Nabii Musa na Firauni. Tena huadhimishwa hata karibu na Mbale, Uganda, na Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Lililo geni ni namna ya kuifundisha. Torati humwagiza mzazi amsimulie mwanawe. Na Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, ikaweka utaratibu. Kikombe cha pili cha divai kikisha kumiminwa, mtoto huuliza. Baba naye humfundisha kwa kadiri ya ufahamu wake. Swali hutangulia masimulizi.

Zana zimo mezani. Mkate usiotiwa chachu hukumbusha haraka ya kuondoka. Mchanganyiko wa matunda na njugu, wenye rangi ya udongo, hukumbusha kazi ya matofali. Kuna na mboga chungu: mtoto haelezwi tu kwamba utumwa ulikuwa mchungu, bali huutafuna uchungu wenyewe.

Hata hivyo zana peke yake hazitoshi, maana mtoto akizoea kitu hakimshangazi tena. Wataalamu wa Talmudi walilitambua hilo. Watoto waligawiwa nafaka za kukaanga na njugu ili wasisinzie, na meza iliondolewa kabla ya kula. Inasimuliwa kwamba Abaye, akiwa ameketi mbele ya mwalimu wake Raba, aliona meza inaondolewa akauliza mbona inachukuliwa nao hawajala. Raba akamjibu kwamba kwa kuuliza hivyo amewaondolea wajibu wa kusoma maswali yaliyopangwa. Tunaomba kisa hiki kitazamwe kwa makini. Maswali ya kukariri yalikuwapo, na mpaka leo aghalabu mtoto mdogo kuliko wote huyaimba. Lakini swali moja lililozuka katika mshangao lilitosha kushika nafasi yake.

Haggada, kitabu kinachosomwa usiku huo, hutaja watoto wanne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na asiyejua kuuliza. Kila mmoja ana jibu lake. Jibu la mwovu ni kali mno, wala hatumshauri mwalimu yeyote aliige, ingawa yafaa kukumbuka kwamba hata yeye amehesabiwa miongoni mwa watoto wa nyumba. Anayetuhusu zaidi ni yule wa nne, ambaye katika madarasa yetu ndiye aliye wengi. Kwa ajili yake mzazi huagizwa aanze yeye, amfungulie mazungumzo. Kimya chake hakihesabiwi kuwa ni kuelewa.

Katika mazoezi fulani ya kufundisha tulimwona mwanachuo akiingia darasani na kuitundika ramani ya Tanzania juu chini, kisha akasimama kando bila kusema neno. Watoto walicheka, wakanong'onezana. Punde mmoja wa dawati la mwisho, ambaye hakuwa amefungua kinywa kwa wiki nzima, akainua mkono: "Mwalimu, mbona bahari imehamia upande wa Ziwa Tanganyika?" Somo la pande za dunia likaanzia hapo.