Kaburi la Rosine

Wanangu, kila tukienda msibani mnawasikia wakubwa wakisema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Mzee mmoja anaanza, wenzake wanatikisa kichwa, kisha chai inapitishwa. Ninyi mmekaa mkekani mnatazamana, na mnachojiuliza nakijua: hata hili? Hata kumchukua mama wa mwenzetu angali mchanga vile? Swali hilo ni zito, sitalijibu haraka. Kwanza sikilizeni kisa kilichotokea kweli, Mombasa, zamani kabla reli haijajengwa.

Mwezi wa Mei mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alihamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Krapf alikuwa mtoto wa mkulima, na aliyemtuma ni chama cha wamisionari cha Uingereza kiitwacho CMS. Taabu walikuwa wameshazijua. Mwaka uliotangulia walikuwa safarini Uhabeshi, Rosine akajifungua nyikani kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike. Baba yake alimbatiza Eneba, yaani chozi, naye hakuishi. Walimzika wakaendelea na safari, lakini huko walikokuwa wakienda wakakatazwa kuingia. Ndipo wakageukia pwani hii.

Kabla ya kufika Mombasa, Sultani Seyyid Said aliwapokea vizuri huko Unguja, akawapa barua ya kuwaonyesha maliwali wake. Krapf alipofika Mombasa hakukaa bure. Tarehe 8 Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mimi hapo huwa nasimama kidogo. Mmisionari Mkristo na kadhi Mwislamu wamekaa pamoja, wanatafuta maneno ya kusimulia jinsi Mungu alivyoziumba mbingu na nchi.

Hata mwezi haukutimia, homa ikaingia nyumbani. Inaelekea ilikuwa malaria. Siku hizo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeibeba. Ronald Ross alikuja kulithibitisha hilo mwaka 1897. Rosine alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike, na baada ya hapo homa ikazidi kumpanda. Krapf naye alikuwa hoi, amelala kitandani palepale karibu naye. Rosine alipokata roho tarehe 13, mumewe alihangaika sana hata akaweza kujiinua ili ahakikishe kwamba kweli amefariki. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake.

Rosine alikuwa ametaka azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo Wamijikenda hupita, ili kaburi lake liwakumbushe jambo lililowaleta yeye na mumewe. Wakamzika huko, upande wa Nyali. Kisha Krapf, angali dhaifu, aliwaandikia wakubwa wake Ulaya. Hakuomba kurudi. Aliwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani ya mashariki ya Afrika, na kwamba liwe ishara kwao kuwa kazi ya Mungu upande huu imeanza. Yaani kwa njia yake mwenyewe alisema neno lilelile la wazee wetu: kazi ya Mungu haina makosa.

Lakini angalieni nani analisema. Halikusemwa na jirani aliyekuja kutoa pole na jioni atarudi kwa watoto wake wazima. Limesemwa na mume aliyezika mke na watoto wawili, na mwili wake ungali unatetemeka kwa homa. Neno hili ni la mwenye msiba. Likitoka kinywani mwake linamshika, asianguke. Likitoka kwetu mapema mno, linaweza kumfunga mdomo mtu ambaye alikuwa anataka kulia tu.

Sasa turudi kwenye kile kitabu alichokuwa akikitafsiri. Mwanzo kinaanza na uumbaji, na sura zake za mwisho ni za Yusufu. Mnamjua: aliuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha, akiwa na miaka 17. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Hesabuni hapo katikati: shimo, utumwa, kusingiziwa, gereza, na kusahauliwa na mtu aliyemtendea wema. Someni sura hizo taratibu mtaona jambo moja. Ibrahimu alisemeshwa na Mungu, na Isaka, na Yakobo. Yusufu hatusomi popote kwamba Mungu alimsemesha hivyo. Ndoto alipewa, na kitabu kinasema Bwana alikuwa pamoja naye, lakini mle shimoni haikuja sauti ya kumweleza kwa nini.

Mwishoni, ndugu zake walipomwogopa baada ya baba yao kufa, Yusufu aliwaambia waziwazi kwamba wao walimkusudia mabaya, na Mungu katika jambo lilelile alikusudia mema, watu wengi wapate kuokolewa na njaa. Msikilizeni vizuri, maana wengi hukosea hapa. Hakusema kwamba ndugu zake hawakuwa na hatia. Uovu aliuita uovu. Alichokataa ni kwamba wao ndio walioshika mwisho wa maisha yake. Hiyo ndiyo maana ya kusema Mungu anatawala: ugonjwa una nguvu, watu wabaya wana nguvu, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokalia kiti cha enzi.

Na Yusufu huyo mwenye imani kubwa namna hiyo alikuwa mtu wa machozi! Alilia alipowasikia ndugu zake wakikiri kosa lao. Alijificha chumbani akalia alipomwona Benyamini. Alilia kwa sauti hata Wamisri wakamsikia, akalia shingoni mwa baba yake, akalia juu ya maiti yake. Kwa hiyo mtu akikwambia usilie kwa sababu wewe ni mwamini, mpeleke kwenye sura hizo. Mpeleke pia kaburini kwa Lazaro, alipolia Bwana Yesu mwenyewe, naye alijua kwamba baada ya muda mfupi angemfufua.

Wengine hulitumia jina la Mungu kufunika uzembe, na hilo linaniumiza. Mgonjwa anacheleweshwa kupelekwa hospitali, dereva anaendesha amelewa, chandarua kimekunjwa juu ya kabati, kisha tunasimama kaburini na kusema ni mapenzi ya Mungu. Hapana. Kumtumaini Mungu anayetawala ni kutundika chandarua vizuri na kusali kabla ya kulala, vyote viwili.

Mtaniuliza sasa, inafariji vipi ikiwa hatuambiwi sababu? Mmemwona mtoto mchanga kliniki siku ya chanjo. Mama amempakata na kumshika mkono barabara, muuguzi anachoma. Mtoto hajui chanjo ni nini na hakuna maneno ya kumweleza. Analia kwa uchungu, na uso anaufukia wapi? Kifuani mwa huyohuyo aliyemshika. Sisi nasi tuna Baba, na huyo ndiye anayetawala. Kama enzi ingekuwa mikononi mwa mwingine, ingenitisha badala ya kunifariji.

Krapf alipata nafuu, akarudi kwenye karatasi zake. Sura za kwanza za Mwanzo alizotafsiri zilichapishwa Marekani katika miaka hiyohiyo ya 1840. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti wakapanda kilima cha Rabai kuanza kituo, wote wawili wakiwa na homa. Baadaye afya ilimshinda akarudi Ulaya. Alikuwa ameota vituo vya Injili vikifuatana kutoka bahari hii hadi ile ya magharibi, ndoto ambayo hakuiona ikitimia. Alifariki Novemba 1881, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka uliofuata. Lakini msidhani kamusi ndiyo malipo ya Rosine, au kwamba makanisa yote ya pwani yanatosha kuwa sababu ya kifo cha mtoto yule. Krapf hakupewa hesabu hiyo, nami sina ya kuwapa.

Basi mwenzenu akifiwa, nendeni. Kaeni naye, mchoteeni maji, msaidieni kuosha vikombe. Akinyamaza, nyamazeni naye. Na wewe unayesoma haya huku una msiba wako, mwulize Mungu "kwa nini" kwa sauti ukitaka. Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo. Usijilazimishe kusema leo kwamba kazi yake haina makosa. Yeye anatawala leo hata kama bado huwezi kulisema.