Jumapili na Mtu Aliyebaki Jikoni

Jumamosi ya familia ya Kikristo jijini Dar es Salaam huanza kabla jua halijapanda. Saa 12 na nusu asubuhi jumuiya imeshakaa sebuleni kwa jirani, viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya tatu, na mama mwenye nyumba anahesabu vikombe vya chai huku wimbo wa kwanza ukiendelea. Watoto wa kipaimara wanatakiwa darasani. Nguo za wiki nzima zimelowekwa. Mchana kuna msiba Mbagala, jioni kuna kikao cha harusi ya binamu, na katikati kwaya ina mazoezi. Usiku ukiingia mama anapiga pasi nguo za Shule ya Jumapili, baba anatafuta bahasha ya ahadi, na hakuna anayekumbuka saa ngapi alikaa chini.

Mahubiri ya kutuonya juu ya pilikapilika hizi ni mengi, na mara nyingi yanamleta Martha, yule aliyehangaika na vyombo wakati dada yake Mariamu ameketi miguuni pa Yesu. Nayaheshimu. Lakini hebu itazame tena ratiba ya Jumamosi. Karibu kila kinachotukimbiza ni mtu: aliyefiwa, anayeoa, mtoto anayesomea imani yake, jirani ambaye zamu ya kupokea jumuiya imemfikia. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia chombo chao cha AMECEA, walipozifanya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo kuwa kipaumbele mwaka 1976, walikuwa wakitaka hilo hasa, kanisa likae mtaani kati ya watu wanaojuana kwa majina. Walutheri nao wana jumuiya zao za nyumba kwa nyumba. Kanisa la namna hiyo lazima lijaze wikendi. Mwenye kuzikwa na watu wengi ni yule aliyewahi kupanda daladala mbili Jumamosi kwenda kuzika.

Kwa hiyo sidhani kwamba shukrani inatusubiri mahali fulani patulivu, baada ya shughuli kwisha. Ipo ndani ya shughuli zenyewe, ila inataka tuwataje waliotufikisha hapo tulipo.

Mahali nilipojifunza kutaja ni kanisani, wakati wa matangazo. Katika sharika nyingi za KKKT, kanisa lililoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba ya Kilutheri ya nchi hii, mzee wa kanisa husoma matangazo ya ndoa, husoma sadaka ya wiki iliyopita, kisha wenye shukrani huitwa mbele. Anakuja mama aliyejifungua salama. Anakuja kijana aliyemaliza chuo, au dereva aliyetoka mzima kwenye ajali. Hawaji peke yao. Ndugu wanainuka kwenye mabenchi, jumuiya inainuka, na mwenye shukrani anapofika madhabahuni ana watu thelathini nyuma yake. Wapo wanaosema kwamba Mungu ni mwema, wanaweka bahasha na kurudi. Wengine wanasimulia. Anasema alipelekwa hospitali usiku, damu ikahitajika, na fulani wa jumuiya yetu akajitolea. Gari lilikuwa la fulani. Watoto walilala kwa mama fulani wiki nzima. Ushuhuda wa aina hiyo huchukua muda, na kuna wanaotazama saa. Mimi ningeuacha uendelee.

Biblia yenyewe iko upande wa wanaosimulia. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, mkulima anayeleta kapu la malimbuko haruhusiwi kuliweka tu akaenda zake. Anatakiwa aeleze historia: kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, kwamba walitumikishwa Misri, wakalia, wakatolewa, wakapewa ardhi iliyozaa matunda haya. Akimaliza anafurahi pamoja na nyumba yake, na Mlawi, na mgeni anayekaa kwao. Kumbukumbu inatangulia, furaha inafuata, na mgeni yumo.

Turudi kanisani: ibada imekwisha, watu wanatoka nje wakiimba na mnada unaanza. Kwa asiyeuzoea mnada wa kanisani, ni hivi. Asiye na fedha huleta alichonacho: kuku, mkungu wa ndizi, trei ya mayai, mafungu ya mchicha. Hivyo ndivyo vinavyonadiwa uani ibada ikiisha. Mnadi ni mtu mwenye sauti na uchangamfu, anampandisha kuku juu, bei inaanza elfu tano na kupanda. Aliyeshinda analipa, halafu anatangaza kwamba kuku arudi mnadani, au apelekewe bibi mgonjwa wa mtaa wa pili. Yai moja linaweza kununuliwa mara nne na lisitoke uani. Fedha zinasaidia, bila shaka. Madirisha na mabati mengi yamepatikana hivyo. Lakini ninachokipenda zaidi ni kumtazama yule bibi aliyeleta mafungu yake ya mchicha. Watu wazito wanagombea kitu alichokichuma bustanini mwake alfajiri, na kwa dakika zile chache kipimo cha sadaka yake hakipo mikononi mwa soko.

Kuna shukrani nyingine, nzito zaidi, na ndiyo inayonionyesha imani ilivyo. Baada ya msiba, wiki kadhaa zikishapita, familia hurudi kanisani kutoa shukrani. Magazeti yetu nayo huchapa matangazo hayo: picha ya marehemu, tarehe ya mazishi, kisha orodha ya madaktari, wachungaji, kwaya, wafanyakazi wenzake, majirani. Hawashukuru kwa kufiwa. Mjane aliyesimama pale mbele hajasema kwamba hakuumia, wala kwamba amekwisha kuelewa. Anawataja waliochimba kaburi, waliopika, waliolala matangani kwenye baridi. Imani yake ya siku ile ni kukiri kwamba hakuachwa, na ushahidi wake ni watu. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba mwenye majonzi asisumbuliwe na mambo ya shukrani. Nadhani tukimnyima nafasi hiyo tunamnyima ushahidi.

Hapo sasa inakuja sehemu ambayo familia nyingi huipita haraka. Watoto wa kipaimara wa Kilutheri wanafundishwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotoka mwaka 1529. Kwenye ombi la mkate wa kila siku, Luther anaeleza kwamba mkate ni zaidi ya mkate: ni mavazi, nyumba, shamba, mifugo, hali njema ya hewa, amani, marafiki, majirani wema. Watoto huikariri orodha hiyo kwa mkupuo mmoja. Na katikati yake wamo watumishi wa nyumbani.

Katika nyumba nyingi za mjini yuko dada wa kazi, binti aliyetoka Singida au Iringa, na Jumapili ndiyo siku yake ngumu kuliko zote. Familia imependeza, imepanda gari au bajaji kwenda kumshukuru Mungu; yeye amebaki na maharage jikoni, maana wageni watakuja baada ya ibada. Pasipo dada wa kazi, anayebaki na mzigo huo ni mama. Anatoka kanisani na kuingia jikoni kabla hajavua viatu, wakati baba na wageni wake wanasubiri chakula sebuleni.

Orodha ya Amri Kumi imeandikwa mara mbili, na kila mara amri ya Sabato ina sababu yake. Katika Kutoka sura ya 20 sababu yake ni uumbaji: Mungu alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni nyingine. Unapumzika ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, kwa kuwa wewe mwenyewe ulikuwa mtumwa Misri. Ng'ombe na punda nao wametajwa. Ni Misri ileile ya mkulima mwenye kapu. Asiyeikumbuka hawezi kushukuru kwa ukamilifu, na asiyeikumbuka atambakiza mtu jikoni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, lakini nyumba ya Kikristo isingepaswa kungoja kuambiwa na sheria ya ajira jambo ambalo mtoto wake anafundishwa katika Amri Kumi.

Yako mambo ya kufanya, na mengi hayahitaji fedha. Chakula cha Jumapili kinaweza kupikwa Jumamosi usiku, na mgeni anayependa wenyeji wake hatalalamikia kiporo. Vyombo vinaoshwa na wavulana, baba akiwa wa kwanza kukunja mikono ya shati. Na mezani, kabla ya sala, kila mmoja anamtaja mtu mmoja wa wiki hiyo na alichotendewa. Watoto hulifanya hili vizuri kuliko sisi. Nyumbani kwetu ameshatajwa konda aliyesimamisha gari mvua ikinyesha ili mtoto asivuke barabara peke yake, na ametajwa muuza vitumbua aliyekubali kukopesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua.

Binti anayeishi nasi ameingia kwaya ya vijana. Mazoezi yake ya Jumamosi jioni yameandikwa kwenye ratiba ya nyumba, mstari wa chini ya darasa la kipaimara, na jioni hiyo mpishi ni mimi.