Hesabu za Nyota na Barua Zilizopotea

Jina la Kabambare halionekani mara nyingi katika vitabu vya elimu ya nyota. Hata hivyo, mwaka 1870 alikaa katika mji huo wa Maniema mtu ambaye kwa karibu miaka ishirini alikuwa akiandikiana barua na mmoja wa wajuzi wakubwa wa elimu hiyo. Mtu huyo ni David Livingstone, tabibu na mhubiri wa Kiprotestanti kutoka Uskoti. Katika maandiko yake mji wenyewe huitwa Bambarre.

Urafiki wao ulianza Cape Town mwaka 1852. Huko Thomas Maclear, mkuu wa nyumba ya kutazamia nyota, alimfundisha kutumia sekstanti, yaani chombo cha kupimia pembe kati ya vimulika vya mbinguni. Maclear naye alikuwa na rafiki wa barua, John Herschel. Wote wawili walifika Cape Januari 1834, na Herschel aliporudi Uingereza mwaka 1838 hawakuacha kuandikiana. Ndiyo desturi ya wajuzi wa karne ile. Mwaka 1821 Mjerumani Schumacher alikuwa amekwisha kuanzisha gazeti mjini Altona ili kuchapa barua za namna hiyo, asome kila mmoja aliyoyaona mwenziwe.

Labda msomaji atauliza: nyota zamfaa nini msafiri? Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Adhuhuri ya jua inapofika Kabambare, huko Greenwich, karibu na London, ni yapata saa nne na dakika 10 asubuhi. Basi anayejua saa ya mahali alipo, pamoja na saa ya Greenwich wakati uo huo, aweza kujua yuko mbali kadiri gani upande wa mashariki au wa magharibi. Lakini saa za mfukoni huharibika njiani. Mungu ameweka saa nyingine mbinguni, nayo ni mwezi, ambao kila saa husogea kati ya nyota kadiri ya upana wake wenyewe. Msafiri hupima pembe kati ya mwezi na nyota, kisha hulinganisha na majedwali ya mabaharia. Kazi hii yataka uangalifu mwingi, kwani kosa la sehemu 1 ya 60 ya digrii laweza kuuhamisha mji katika ramani zaidi ya kilomita 50.

Kwa sababu hiyo Livingstone hakupeleka majibu matupu. Alipeleka namba zenyewe alizozisoma katika chombo, ili Maclear na msaidizi wake, William Mann, wazipige hesabu upya na kutafuta makosa. Hata safari ya barua ilikuwa na hatari zake. Mwaka 1854 meli Forerunner ilizama karibu na Madeira pamoja na barua zake na ramani. Naye, alipopata habari akiwa Angola, akakaa chini akaziandika upya.

Livingstone alifika Kabambare tarehe 21 Septemba 1869. Alikwenda kaskazini, kisha akarudi Julai 1870 akiwa na vidonda vibaya vya miguu, vikamzuia humo miezi mingi. Saa zake zilikuwa zimekufa. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa. Februari 1871 wakafika watu waliotumwa kwake kutoka pwani. Walimletea barua moja tu. Nyingine 40 zilikuwa zimepotea.

Katika upweke huo alishika wazo moja moyoni mwake, kwamba Lualaba ndio mto Nili. Hapakuwa na mtu karibu wa kulipima wazo hilo pamoja naye. Alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, akiwa bado anatafuta chemchemi za Nili.

Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake pamoja na maandiko yake mpaka Bagamoyo, na Februari 1874 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakawapokea misioni. Njiani, huko Tabora, walikuwa wamekutana na Mwingereza Lovett Cameron, aliyechukua baadhi ya vyombo vya marehemu. Cameron alivuka Maniema, akafika Nyangwe mwaka 1874, akapima kimo cha mahali. Akaona Lualaba uko chini kuliko Nili pale Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba haukuweza kuwa Nili. Mwaka 1877 Stanley alithibitisha jambo hilo, alipoufuata mto mpaka karibu na bahari ya magharibi.

Livingstone hakukosa bidii wala akili. Alichokosa Kabambare ni jicho la pili. Namba alizompelekea Maclear zilisahihishwa, lakini wazo alilobaki nalo peke yake halikusahihishwa mpaka alipokufa. Ninyi wanafunzi, mwalimu anapodai muandike hesabu yote, wala si jibu peke yake, msimnung'unikie. Anataka kuona mahali mlipopotea njia, apate kuwarudisha. Nasi wazazi tukumbuke vilevile kwamba neno tunaloliamini sana ndilo hasa la kumwonyesha mwenzetu mwaminifu, tena mapema, wakati barua ingali yaweza kufika.