Udongo Kama Ghala la Maji ya Mvua

Mjini Dodoma wastani wa mvua ya mwaka ni milimita 570 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayosalia ni ya ukavu, na bustani nyingi za mboga hunyauka. Je, mkulima mwenye kipato kidogo afanyeje?

Kanuni ya msingi ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Hivyo paa la bati lenye meta 20 za mraba hupokea lita 11,400 kwa mwaka. Hata sehemu moja ya tano ikipotea, husalia zaidi ya lita 9,000.

Lakini pipa la lita 200 hujazwa na mvua ya milimita 13 tu. Yanayofuata hufurika na kupotea bure. Kununua mapipa mengi ni gharama, ilhali ghala lililo rahisi kuliko yote ni udongo wenyewe. Maji yanayofurika yaongozwe kwa mfereji hadi kwenye mashimo yenye samadi, kando ya mipapai au migomba, mbali na msingi wa nyumba. Juu yake yatandazwe majani makavu ili kuzuia mvukizo. Unyevu huo hautadumu kiangazi chote, lakini utaiongezea mimea majuma kadhaa ya uhai.

Pipa nalo lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba, lisije likawa mazalio ya mbu waenezao kidingapopo.