Nguo ya Udongo

Mvua kubwa ikinyesha, mto Ntahangwa huipita Bujumbura ukiwa mwekundu kama tofali mpaka Ziwa Tanganyika. Wekundu huo ni udongo wa mashamba ya milimani, nao ukiisha kuingia ziwani haurudi tena. Njia moja ya kuuzuia ni matandazo, yaani majani makavu yanayotandazwa juu ya ardhi katikati ya mimea.

Wakulima wa kahawa wa Kayanza na Ngozi wanaijua kazi hii tangu zamani. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima wa Burundi kupanda mibuni, na baadaye kuitandazia majani. Jambo la kulazimishwa halipendwi, lakini faida yake ilionekana.

Faida zenyewe ni hizi. Kwanza, tone la mvua likiangukia udongo mtupu huuvunjavunja, na chembe zake huziba vitundu vya ardhi. Maji yakikosa pa kuingia huteremka na udongo. Likiangukia majani, tone huishiwa nguvu, na ardhi huyanywa maji polepole. Pili, wakati wa kiangazi, toka Juni hadi Septemba, jua haliukaushi udongo upesi. Tatu, magugu hukosa mwanga. Mwisho, majani huoza, yakawa chakula cha minyoo, kisha mboji.

Yafaa kutandaza mwezi wa Mei, udongo ungali na unyevu. Palilia kwanza, kisha weka majani unene wa sentimita 10 hivi. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, lisije likaoza. Majani ya tembo na yanyauke kwanza, yasije yakaota. Na majani ya migomba yenye ugonjwa wa mnyauko usiyapeleke shamba jingine.

Je, majani yatoke wapi? Hapo ndipo penye shida. Nchi yetu ni ndogo na watu ni wengi. Nyasi zile zile hutakiwa na ng'ombe. Basi wengi huchukua majani ya migomba na mabua ya mahindi katika shamba la chakula, wakayapeleka kwenye mibuni. Kahawa hushiba, na udongo wa maharage hukonda mwaka hata mwaka. Huko si kuiponya ardhi, ni kuhamisha umaskini tu kutoka konde moja hadi jingine.

Dawa yake ni kupanda majani kwa makusudi juu ya kingo za mitaro ya kuzuia mmomonyoko, pamoja na miti kama grevilea mipakani. Kingo hizo hushika udongo, na majani yakikatwa hulisha mibuni. Mabaki ya mahindi na maharage na yarudi palepale yalipotoka.

Wenzangu, tukienda nyumbani likizo kubwa, tusiyachome mabua kwa kuyaona takataka. Nanyi kaka zetu mliokwisha kumaliza shule na kurithi mashamba, gawanyeni majani kwa haki: shamba la fedha lisile sehemu ya shamba la chakula. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini udongo uliokwisha kuzama ziwani hakuna fundi awezaye kuujenga tena.