Betri ya Kipakatalishi: Ipi Imechoka na Ipi ni Hatari

Kwa muda wa wiki mbili tulidhani ni vumbi. Kibao cha kugusa kwenye kipakatalishi cha binti yetu kilikuwa kimekataa kubonyeka, na kila alipokifunika chombo chake, mfuniko ulibaki wazi upande mmoja kiasi cha kupitisha kidole. Kikiwekwa mezani kiliyumba kama ngalawa iliyofungwa gatini. Sisi wazazi, kwa akili zetu, tulitwaa kamusi na vitabu viwili vizito tukavilaza juu yake usiku kucha ili kinyooke. Asubuhi tulikikuta vilevile. Usiku wa pili tukaongeza kitabu cha tatu.

Jumamosi ile fundi alipokifungua alinyamaza kwanza, kisha akatuita tusogee tuone. Betri iliyopaswa kuwa bapa kama daftari jembamba ilikuwa imefura mfano wa mahamri yakielea katika mafuta ya moto. Ndiyo iliyokuwa ikikisukuma kibao cha kugusa kutoka chini na kuuinua mfuniko. Akatuuliza chombo hiki kilikuwa kikilala wapi. Tukamwambia ukweli: kitandani, juu ya godoro la sponji, ndani ya chandarua, kikiwa kwenye chaja tangu baada ya Isha hadi alfajiri. Fundi akatikisa kichwa.

Binti yetu alikuwa amebakisha siku tisa awasilishe mradi wake wa chuo, na kazi yake yote ilikuwa humo. Hata hivyo, kilichotunyima usingizi baadaye ni ule mzigo wa vitabu. Tulikuwa tukiikandamiza betri iliyokaribia kupasuka, hatua mbili kutoka mahali anapolala mtoto.

Nyumba nyingi siku hizi zina chombo cha namna hii. Mama huwekea hesabu za biashara yake, mwanafunzi huandikia kazi zake, na wadogo hutazamia katuni. Ni haki basi tukijue kiungo chake kinachochakaa mapema kuliko vyote, na kinachoweza kuteketeza nyumba.

Betri za vipakatalishi vya leo ni za aina ya lithiamu-ayoni. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoanza kuziuza mnamo 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Ndani ya kila seli mna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba mno, na zote zimeloweshwa kwa kiowevu maalumu. Unapochaji, chembe za lithiamu huvuka kiowevu hicho kutoka upande mmoja hadi wa pili. Unapotumia chombo, hurejea zilikotoka. Ubaya ni kwamba kiowevu chenyewe hushika moto kwa urahisi.

Kila safari ya kwenda na kurudi huacha uchovu kidogo. Betri nyingi hustahimili mizunguko 300 hadi 500 kabla ya uwezo wake kushuka waziwazi, na Apple hukadiria MacBook zake za miaka ya karibuni kwa mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni kutumia ujazo mzima hata ikiwa ni kwa vipande: nusu leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja. Zaidi ya hayo, betri huzeeka hata ikiwa imelala kabatini, na mambo mawili huuharakisha uzee huo, yaani joto na kukaa imejaa pomoni kwa muda mrefu. Sisi watu wa pwani joto tunalo bila kulitafuta. Apple hushauri chombo kitumike mahali penye nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi, na Machi ya Mombasa huweza kufika nyuzi 33 kivulini. Godoro likishayaziba matundu ya hewa yaliyo chini ya kipakatalishi, joto la ndani hupanda kupita kiasi. Ndipo kile kiowevu huanza kuvunjika na kuwa gesi, nayo gesi haina pa kutokea, basi mfuko wa betri hufura.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya chombo duni au cha mkono wa pili pekee. Mwaka 2006 kampuni ya Dell ilirudisha takriban betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa sababu ya hatari ya kupata joto na kuwaka. Betri zile za zamani zilikuwa za seli za duara ndani ya ganda gumu, kwa hivyo mtu hakuona dalili kwa macho. Za leo, zilizo ndani ya mifuko laini, angalau hututahadharisha kwa kufura. Dalili zake ni hizo tulizoziona na kuzidharau: mfuniko usiofunga, vitufe vinavyoinuka, kibao cha kugusa kigumu, na chombo kinachoyumba juu ya meza iliyonyooka.

Ukiziona, zima chombo na uchomoe chaja papo hapo. Usikichaji tena hata kwa dakika tano za kunakili kazi. Fundi anaweza kuitoa betri na kukiwasha chombo kwa chaja peke yake, ama kuichomoa diski na kuisoma kwenye tarakilishi nyingine. Ndivyo mradi wa binti yetu ulivyookolewa. Usiibonyeze wala usiitoboe ili kutoa hewa, kama kijana mmoja alivyotaka kutusaidia. Kiweke chombo juu ya sakafu ya saruji, mbali na mikeka, mapazia, na hasa mbali na paa la makuti, hadi utakapokipeleka kwa fundi. Ikitokea kinafuka moshi au kutoa sauti ya kuchemka, watoe watoto kwanza na usiuvute moshi ule, kwani una sumu. Kama njia ni salama, kata umeme kwenye swichi kubwa. Maji mengi husaidia kuipoza betri ndogo ya namna hii umeme ukishakatwa, lakini moto ukishashika vitu vingine, toka na uite msaada.

Hayo ni ya hatari. Yaliyo mengi zaidi si ya hatari bali ya hasara, nayo huanza kwa maneno haya: “Betri imekufa.”

Dada mmoja wa mtaani kwetu, anayepokea oda za keki na biriani, aliambiwa dukani kwamba betri na bodi vimeungua pamoja, heri anunue chombo kipya. Akaanza kuhesabu fedha za mchezo alizokuwa akizitarajia mwezi ule. Kabla hajazitoa, tulimshauri tuanzie ukutani. Tulijaribu soketi nyingine: hapana. Tukaiacha ile ekstensheni yenye matundu manne tukachomeka moja kwa moja ukutani: hapana. Kisha tukaazima waya mwingine wa umeme, ule unaotoka ukutani hadi kwenye kijisanduku cha chaja na unaochomoka pande zote mbili. Taa ikawaka. Waya ule ulikuwa umekatika ndani kwa ndani kwa kukunjwa kila siku. Alinunua mwingine kwa bei isiyofika ya kilo moja ya nyama.

Kwa hivyo fuata njia ya umeme kuanzia ulikotoka: soketi, waya, kijisanduku, tundu la kipakatalishi, na betri mwisho kabisa. Kijisanduku cha chaja hufa mara nyingi stima zinapokatika na kurudi kwa kishindo, na ndiyo sababu tunausia kukichomoa pindi giza linapoingia, kisha kungoja dakika chache baada ya mwanga kurudi. Tundu nalo litazame kwa tochi. Hewa ya chumvi ya kwetu huota kutu ya kijani kwenye shaba, na pamba za mikobani hujisokota humo. Ikiwa kichwa cha chaja kinapwaya, na chombo huchaji tu ukikishikilia kwa upande, kasoro iko kwenye tundu. Kulibadilisha ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua kulehemu.

Chaja ya kuazima huleta vitendawili vyake. Soma maandishi madogo mgongoni. Volti sharti zilingane na zilizoandikwa chini ya chombo, mathalani 19 au 19.5, ampea zikizidi si kitu, zikipungua itachaji polepole au isichaji kabisa. Vipakatalishi vipya vinavyotumia tundu la USB-C vinakubali chaja ya simu ikiingia, lakini chaja ya wati 18 haiwezi kukitosheleza chombo kinachotaka wati 65, nacho kitaendelea kupungua huku kimechomekwa. Katika chaja nyingi za Dell zenye kichwa cha duara, kijisindano cha katikati ndicho kinachokitambulisha chaja kwa chombo. Kikivunjika, chombo kitawaka lakini betri haitachajiwa, na wengi wameilaumu betri isiyo na hatia.

Yote hayo yakiwa salama, jaribu jambo dogo ambalo mafundi hulifanya kimyakimya na kulitoza. Zima chombo, chomoa chaja, itoe betri kama ni ya kutoka kwa nje, kisha kandamiza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Umeme uliosalia hutoka, na kile kisehemu kinachoongoza kuchaji huanza upya. Mara nyingine hilo hutosha.

Sasa tuiulize betri yenyewe. Kwenye chombo cha Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha ubonyeze Enter. Katika dirisha jeusi litakalofunguka andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter tena. Utaonyeshwa mahali ripoti ilipohifadhiwa. Ifungue kama unavyofungua ukurasa wa intaneti. Tafuta mistari miwili tu. “Design Capacity” ni ujazo ambao betri ilizaliwa nao, na “Full Charge Capacity” ni ujazo inaoweza kuubeba leo. Wa kwanza ukiwa 48,000 na wa pili 24,000, umebakiwa na nusu, na hakuna programu wala hila itakayourudisha. Ukiwa bado 40,000 na ilhali chombo huzimika baada ya saa moja, chunguza mwanga wa skrini na programu zilizofunguliwa kwa wingi kabla hujanunua chochote.

Kuna wale ambao chombo chao huonyesha asilimia 35 kisha hugeuka giza. Hapo huenda seli moja imedhoofika kuliko wenzake, au kipimo kimepoteza hesabu. Ichaji ijae, itumie hadi izime yenyewe, kisha uijaze tena bila kukatiza. Ikiwa ni kipimo, kitajirekebisha. Usilifanye hili kila wiki, maana kuimaliza betri kabisa nako huichosha.

Matunzo ya kila siku hayana mengi. Ubao wa mbao au sinia tupu chini ya chombo ni bora kuliko mto. Baadhi ya vipakatalishi vya Lenovo, Asus na Dell vina mpangilio wa kuizuia betri isipite takriban asilimia 80, unaomfaa sana anayekitumia akiwa amechomeka siku nzima. Ukikiweka kabatini kwa likizo ndefu, kiache na nusu ya ujazo.

Anayenunua chombo kilichotumika Ulaya au Dubai amwombe muuzaji aitoe ile ripoti mbele yake. Muuzaji mwenye insafu hatakataa. Na ukinunua betri mpya, mpe fundi nambari iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, si jina la chombo peke yake, kwa kuwa chombo cha jina moja huweza kuwa na betri za maumbo matatu. Zipime ahadi za lebo kwa hesabu: volti mara ampea-saa ndiyo wati-saa. Betri ya volti 11.1 na ampea-saa 4.4 ina takriban wati-saa 49. Lebo ikidai 80 kwa nambari hizohizo, mrudishie mwenyewe. Wanaosafiri kwa Umra nao waitazame nambari hiyo, kwa sababu mashirika ya ndege huruhusu betri zisizozidi wati-saa 100 bila idhini maalumu, na betri ya akiba au pawabanki hupandishwa na msafiri katika begi la mkononi, kamwe haiwekwi kwenye mizigo ya chini.

Ile betri yetu iliyofura fundi aliitia ndani ya mkebe wa bati wenye mchanga mkavu, akauweka nje chini ya kivuli. Tulimwomba asiitupe jaani, maana huko taka huchambuliwa kwa mikono mitupu na kuchomwa moto. Wala sisi wenyewe hatukutaka kuichoma uani pamoja na makuti makavu, kama ilivyo desturi ya mitaa mingi. Yeye huzikusanya, na zikifika idadi ya kutosha huzisafirisha Nairobi, ambako vipo vituo vinavyopokea taka za kielektroniki, WEEE Centre kikiwa kimojawapo. Alituonyesha mkebe wa pili uliokuwa karibu kujaa. Zote zilitoka mtaani kwetu.