Breki za Pikapu Yetu: Funzo kutoka Mlima Kitonga

Mtakumbuka kwamba msimu uliopita pikapu ya Chama ilikaribia kututia msibani. Ilikuwa ikiteremka kutoka shamba na magunia ya karafuu mbichi, na wachumaji wamekaa juu ya magunia. Dereva akakanyaga breki, kanyagio likazama mpaka chini, na gari haikusimama. Akawahi kuingiza gia ndogo, akaielekeza gari kwenye ukingo wa udongo, ikakwama hapo. Alhamdulillahi, hakuumia mtu.

Halmashauri ilipokutana, wengi walisema tununue breki kubwa zaidi. Kwa kuwa sisi Katibu wenu tulikuwa na safari ya Iringa na Mbeya, tuliagizwa tuulize huko kabla ya fedha za Chama kutoka. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wanaijua miteremko. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hupanda Mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupata mafuta, na malori yakayabeba kwa barabara hii ilipokuwa bado ya vumbi na matope. Ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Siku hizi ina lami, lakini mlima ni ule ule. Mbele zaidi, ukitoka mjini Mbeya kuelekea Tunduma, kuna mteremko wa Iwambi unaoshuka Mbalizi. Upande huo, Julai 2018, lori liliyagonga magari ya abiria na roho nyingi zikapotea.

Tulimweleza fundi mmoja wa Iringa habari yetu. Hakutuuliza ukubwa wa breki. Alituuliza mambo matatu: mafuta ya breki yalibadilishwa lini, springi za nyuma zimeongezwa pleti ngapi, na dereva wetu huteremka na gia gani. Twakiri kwamba tuliona haya, kwa kuwa la kwanza hatukuwa na jibu lake.

Akatueleza hivi. Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukiwa maradufu, kazi ya breki huwa mara nne. Katika mteremko mrefu joto hilo hupita mpaka kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka mpaka 140. DOT 4 mapya ni 230, na yakilowa ni 155. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndipo kanyagio huzama na gari isisimame. Basi sisi tunaoishi katikati ya bahari tuna haja gani ya kuambiwa habari za unyevu?

La pili lilitushangaza zaidi. Pikapu nyingi zina vali nyuma, inayopima jinsi bodi ilivyoshuka kwa mzigo. Bodi ikishuka, vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Sisi tuliongeza pleti za springi ili gari ibebe zaidi bila kulalia nyuma. Kwa hiyo imejaa magunia, nayo vali yadhani ni tupu! Vali hiyo yapasa kurekebishwa kila springi zinapobadilishwa.

Ama breki kubwa, fundi hakuzikataa. Diski za mbele zilizo nene hukawia kupata joto. Lakini ukiweka kaliper kubwa na masta silinda ikabaki ndogo, kanyagio litakwenda mbali kabla ya kushika. Ukiimarisha mbele na nyuma pakabaki dhaifu, gari haina mizani. Kwanza hali iliyopo iwe nzima: mafuta mapya na upepo kutolewa, pedi na brekishu nzuri, dramu zisizolika, na mabomba ya chuma yasiyokuwa na kutu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wakati wa kurudi tuliteremka Kitonga tumekaa karibu na dereva wa basi. Aliingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, injini ikaishika gari, naye akagusa breki kwa vipindi tu. Pembeni lori moja lilikuwa limesimama, magurudumu yakinuka moto.

Ndugu Wanachama, Pemba haina Kitonga, lakini ina vilima vifupi vingi na njia za shamba zenye utelezi. Tena karafuu mbichi ikikauka hubaki kiasi cha thuluthi moja ya uzito wake. Gari inayopeleka mzigo mkavu kituoni bila taabu isidhaniwe kwamba yaweza kubeba magunia yale yale yakiwa mabichi.

Kwa hiyo Halmashauri italeta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo manne: mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, kabla ya msimu, vali ya nyuma irekebishwe na mabomba yenye kutu yaondolewe, mzigo usizidi kiasi alichoweka mtengenezaji, na asipande mtu juu ya magunia. Breki kubwa zijadiliwe baadaye, kama fedha zitabaki.

Twajua pendekezo la nne litawaudhi wengi, kwani mchumaji aliyechoka hapendi kutembea. Lakini wale waliokuwa juu ya magunia siku ile ni watoto wetu na wake zetu. Tafadhalini mje mkutanoni.